Mtoto wa Masikio

Adu
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kwa wifi yangu Mumbua,

Hujambo huko Tezo? Ndugu yangu Kambi hajambo? Huku sisi ni wazima, mvua imetunyeshea siku tatu mfululizo na mihogo imechangamka. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yenu siitaki. Kila nikipiga, Kambi huiweka kwenye spika, na mambo ya nyumba yangu yakasikiwa na jirani anayefua uani. Masha anayeleta bidhaa za duka kwa pikapu atakuachia bahasha hii, nawe ukijibu mpe yeye yeye.

Leo ni karibu wiki mbili tangu nikuletee Kadzo. Watu wa hapa nimewaambia nimekupa akuchangamshe, maana huu mwaka wa saba mko wawili tu katika nyumba ile, na nyumba bila mtoto hupwaya. Ukiulizwa huko, sema hivyo hivyo.

Lakini mwalimu kwa mwalimu, nikueleze namna ya kumfundisha, usije ukaniharibia kazi. Unajua tangu mwaka jana niliporudi kutoka ile semina ya Malindi, darasa langu nimeligawa makundi matatu. Wapo watoto wa macho, hao nawapa kadi za herufi na picha. Wapo wa mikono, hao hufinyanga herufi kwa udongo. Na wapo wa masikio, hao hujifunza kwa nyimbo na hadithi. Kila mmoja amefungwa kitambaa cha leso mkononi, chekundu, cha manjano au cha kijani, ili mwalimu yeyote akiingia ajue huyu afundishwe vipi. Bw. Gerishom, afisa wa mtaala, amekuja mara mbili kutazama, na mara ya pili alikuja na kamera.

Kadzo ni wa masikio. Nilimpima mwenyewe. Nilimsomea hadithi ya kurasa kumi, mara moja tu, akanirudishia neno kwa neno. Basi usimpe kadi, zitamchanganya. Nimekuwekea humu maandalio sita ya masomo niliyoyaandika kwa ajili ya kundi lake. Yafuate yalivyo.

Na nywele zake asisukwe na mtu mwingine. Nitakuja mwisho wa mwezi nimsuke mwenyewe.

Wifi yako,
Kahaso


Tezo
Jumatano, 21 Mei 2025

Wifi Kahaso, shikamoo.

Barua ilifika na maandalio yalifika. Nimeyasoma yote mara mbili. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, hata Kambi amesema, na sikupenda alivyolisema.

Nataka kukuambia kitu bila kuzunguka. Mimi ni Mkamba, kuzunguka sikufunzwa. Nina watoto sitini na mmoja wa Gredi ya Tatu, na Kadzo nilimweka dawati la mbele. Siku ya kwanza nilimpa kitabu kile kile mnachotumia huko Adu. Akasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, kwa sauti nzuri mpaka darasa zima likanyamaza. Halafu upepo ukafunua kurasa mbili kwa pamoja. Kadzo akaendelea na ukurasa wa pili, na macho yake yako ukurasa wa nne.

Wifi, huyu mtoto hasomi. Amekimeza kitabu kizima. Nilimwandikia jina lake ubaoni, na chini yake jina la Sidi anayekaa naye, nikamwuliza lipi ni lake. Akaonyesha la Sidi.

Sikumgombeza. Nadhani ulijua, ndiyo maana alikuja na nguo za mwaka mzima. Ungeniambia tu, ningempokea vilevile. Hukuwa na haja ya kusema umenipa mtoto wa kunichangamsha. Hilo neno nililisoma nimesimama jikoni, nikalisoma tena.

Mimi makundi sina. Tunachukua neno moja kwa siku mbili, watoto wote. Tunalipigia makofi silabi kwa silabi, tunaliandika mchangani kwa kidole, kisha tunalitafuta kwenye kadi. Kama kuna mtoto wa masikio atalisikia, kama kuna wa macho ataliona, na mimi sihitaji kujua ni nani. Kadzo nimemwanzisha hivyo. Kile kitambaa chake cha kijani hataki kukivua, hata akioga.

Anakula vizuri. Jana aliomba muthokoi tena.

Wifi yako,
Mumbua


Adu
Ijumaa, 30 Mei 2025

Wifi Mumbua,

Marahaba. Muthokoi! Mtoto huyu huyu ambaye kwangu mboga ya mtsunga namsihi kwa tonge, na akila hukunja uso hadi jirani wanihurumie, leo kwako anaomba mahindi na maharagwe tena. Umemtilia nini humo?

Ama hilo jengine, nimelisoma nikaliweka chini. Hasomi, wasema. Mimi mamake na mwalimu wake nimemsikia akisoma tangu mwaka jana, wewe umemsikia siku moja yenye upepo. Mtoto akiwa ugenini hupotewa, hata mtu mzima hupotewa. Na nguo nilimpakia nyingi kwa sababu ya vumbi la kwenu.

Mwisho wa mwezi nimeshindwa kuja. Bw. Gerishom amenipa habari iliyonikosesha usingizi kwa furaha. Tarehe 17 Julai analeta walimu wa shule kumi na mbili waje kulitazama darasa langu. Wakiridhika, nitaitwa kuwafundisha wenzangu wa eneo zima la Magarini namna ya kupanga masomo kwa makundi. Miaka kumi na sita niko ubaoni, Mumbua, na hajatokea mtu aliyesafiri kuja kuniona nikifundisha. Kwa hivyo neno hilo la kwamba Kadzo hasomi lisitoke nyumbani mwenu. Hata Kambi asiambiwe.

Endelea na nyimbo. Nimekuwekea mbili mpya.

Wifi yako,
Kahaso


Tezo
Jumapili, 15 Juni 2025

Wifi Kahaso, shikamoo.

Nina furaha leo, nivumilie.

Jana tulikuwa tunatoka kwenye mashine ya kusaga, Kadzo amebeba ndoo ndogo ya unga. Akasimama mbele ya ukuta wa nyuma, ule wenye maandishi ya rangi nyeusi. Akatua ndoo. Akapiga makofi polepole: u, si, ko, jo, e. Akarudia. Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini, akanipigia kelele, "Anti! Wamekataza kukojoa!" Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Usikojoe hapa. Wifi, hakuna mtu aliyewahi kumwimbia hayo.

Nililia pale pale na unga kichwani. Nimefundisha miaka kumi na mmoja, watoto wengi wamesoma mikononi mwangu, sijawahi kulia. Sasa kila tukipita mahali hataki tuondoke kabla hajamaliza ukuta. Kutoka nyumbani hadi shuleni tulikuwa tunatembea dakika kumi, siku hizi ni nusu saa.

Nywele zilikuwa zimefumuka, na wewe hukuja, kwa hivyo nimemsuka. Najua ulivyosema.

Na kuna jambo lingine, bora ulisikie kwangu. Mara mbili ameteleza akaniita mama. Nilimrekebisha. Mara ya pili nilichelewa kidogo.

Wifi yako,
Mumbua


Adu
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mumbua,

Marahaba. Basi neno la kwanza mwanangu kulisoma duniani limekuwa la kukojoa, na aliyekuwepo kulisikia ni mkaza mjomba wake, na mimi niko Adu nasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nilicheka, sikufichi. Hata nilimsomea Mwambire alipokuja kutoka kazini Gongoni. Mume wangu akacheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, "Mumbua huyo ana mkono." Chakula kikanishinda.

Nimemzaa mimi. Nimemfunga mgongoni nikifundisha, ubao uko mbele na yeye yuko nyuma, mwaka mzima. Na wewe kwa wiki saba una mkono!

Usidhani ni wivu. Wivu wa nini? Ni mpango tu ninaoulinda. Mtoto akianza kuchezewa leo kwa makofi, kesho mchanga, keshokutwa kadi, atachanganyikiwa na yale niliyompanda mimi yatakufa. Kwa hivyo kadi nakukataza. Nakuambia kama mama yake, na kama mwalimu aliyekutangulia kazini. Kitambaa asikivue. Nyimbo zangu azirudie kila jioni.

Na hilo la kuitwa mama. Wasema ulichelewa kidogo. Nataka kujua ulichelewa kwa kiasi gani.

Kahaso


Tezo
Ijumaa, 27 Juni 2025

Wifi, shikamoo.

Nilichelewa kiasi cha kumaliza kukata kitunguu kimoja. Kisha nikamwambia, mimi ni anti.

Kadi sitaziacha. Unaweza kukasirika, lakini sitaziacha. Mtoto amefika kwenye sentensi tatu, na wewe unaniomba nimrudishe gizani ili mpango wako uwe sawa. Jana alimsomea Kambi barua ya mkutano wa maji, yote, alikwama kwenye neno "mwenyekiti" peke yake. Kambi anajisifu kwa kila mtu kwamba mpwa wake ni mwanasheria.

Usiwe na wasiwasi juu yake. Ana furaha hapa. Hajataja kurudi nyumbani hata siku moja.

Mumbua


Adu
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mumbua,

Hata siku moja. Hayo maneno nimeyasoma hadi karatasi imelegea. Umeyaandika ukijua yatakavyofika.

Haya, mimi sisemi tena habari ya kadi. Nina ombi moja. Jumapili ya tarehe 13 nipe mtoto wangu. Walimu wa shule kumi na mbili wanakuja tarehe 17, na katika ripoti niliyompa Bw. Gerishom mwaka jana, jina la kwanza katika kundi la masikio ni Kadzo wa Mwambire. Ameniuliza mara mbili, "Yule binti yako mwenye sauti atakuwepo?" Nimemwambia yupo. Nataka aketi safu ya mbele na kitambaa chake cha kijani, apewe kitabu, asome, watu waone. Ni siku moja tu. Ukitaka nitamrudisha.

Kahaso


Tezo
Jumatano, 9 Julai 2025

Wifi, shikamoo.

Hapana.

Atakayesoma mbele ya wageni hao ni kazi ya Tezo, na wewe utaiita kazi ya Adu. Utamfunga kitambaa, walimu watapiga makofi, watarudi kwenye shule zao kumi na mbili wawafunge watoto wengine vitambaa. Nani atasema kwamba huyu msichana alifundishwa na mwanamke mmoja wa Tezo kwa mchanga na makofi? Wewe hutasema. Mimi nakujua, na ningekuwa wewe pia nisingesema.

Shule zinafungwa tarehe 1 Agosti. Kabla ya hapo hatoki.

Mumbua


Tezo
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kahaso,

Nimerudi kanisani jana nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Kambi amekaa mlangoni anatazama miguu yake. "Dada yangu amekuja kumchukua mtoto wake, ningesema nini?" Umengoja niende ibadani, ukaingia nyumbani mwangu, ukamchukua kama anayeiba kuku. Hata chai hukunywa. Hata sahani aliyolia chakula Kadzo ulikuwa umeiosha.

Nilikaa siku nzima nikikutukana moyoni. Leo asubuhi nikaingia darasani, dawati la mbele Sidi yuko peke yake, na hasira ikanigeukia mwenyewe. Kwa hivyo nakuandikia hili kabla sijabadilisha nia, na Masha ana safari Jumatano.

Nilikudanganya. Niliandika kwamba hajataja nyumbani hata siku moja. Wiki tatu za kwanza alilia kila asubuhi tukifunga mlango. Na tarehe 19 Juni aliniletea karatasi hii ninayoitia humu. Ndiyo barua yake ya kwanza. Aliiandika peke yake, sikumshika mkono: "mama njoo nataka kuja kwetu". Aliniambia, "Anti, mpe Masha." Nikasema nitampa. Nikaiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza. Kila Ijumaa aliniuliza kama umejibu, nami nikamwambia mama ana kazi nyingi.

Miaka saba niko katika nyumba ya Kambi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kitu kinachoanza na neno mama. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliandika, na mara ya kwanza kulitumia alikuandikia wewe, wewe uliyemleta kwangu ili usiaibike. Niliona wivu. Hiyo ndiyo sababu, na najua haitoshi.

Mumbua


Adu
Ijumaa, 18 Julai 2025

Wifi yangu Mumbua,

Umeniandikia bila shikamoo, na ilinistahili. Nisamehe mlango wako. Nilijua saa za ibada yenu, nikapanga nije wakati huo.

Nianze na karatasi yake. Masha aliniletea Jumatano, na nitakwambia kweli, sikukukasirikia. Nilifurahi. Nilisema, basi ananitaka mimi, Mumbua amekwisha. Nikaikunja nikaitia kwenye sidiria na nikaenda nayo darasani siku ya pili, mbele ya wageni, nikijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walimu ishirini na tisa walijipanga nyuma, wengine dirishani. Watoto wangu hamsini na wanne na vitambaa vyao. Wa macho wakapanga kadi, wa mikono wakafinyanga, kila kitu kikaenda kwa saa. Ilipofika zamu ya kundi la kijani, Bw. Gerishom akatoa kitabu kipya ambacho hakuna aliyekiona, akamkabidhi Kadzo. "Haya binti, tusomee."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Aliangalia ukurasa. Midomo yake ikacheza, nikaona imeshika neno la kwanza, na lilikuwa neno lenyewe. "Jogoo." Nilikuwa nalisoma nami kwa mbali. Halafu akaniangalia. Akaangalia kitambaa chake. Akakifunga kitabu, akakiweka mapajani, akaweka mikono nyuma, akaanza kuimba ule wimbo wangu wa sungura na kisima, beti zote sita.

Waliupigia makofi, Mumbua! Bw. Gerishom alicheka kwa furaha akasema, "Masikio hayo!" akaandika kitu. Mwalimu mmoja mwanamke alifuta machozi. Walinishika mkono wote. Nilichagua kusimama pale nikaushika kila mkono.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini hakusoma, na hali najua anasoma. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Kwa anti mimi husoma. Kwako mimi huimba." Nikamwuliza, nani amekwambia hivyo? Akasema, "Si wewe uliyenifunga kitambaa? Nikisoma, mama, kundi lako litaharibika."

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Mtoto wa miaka tisa amejifanya hajui ili mimi nionekane najua. Na nilijua, Mumbua. Tangu Machi nilijua. Nilimkuta akimsomea Mwambire kitabu kimegeuzwa juu chini, anasoma vizuri kabisa. Badala ya kumfundisha nikamficha kwako, nikasingizia upweke wako. Na uliponiambia anasoma, nikakukataza kadi, si kwa sababu zingemchanganya. Niliogopa ungeweza kwa wiki chache kile kilichonishinda mimi.

Leo asubuhi niliwaita wote kumi na saba wa kundi la masikio, mmoja mmoja, nikawafungulia kitabu katikati. Wanaosoma ni wanne. Wengine wote wameimeza sauti yangu, na ningewapandisha darasa hivyo hivyo huku wanaimba. Vitambaa nimevivua, vya rangi zote. Kisha nikampigia Bw. Gerishom nikamwambia asipeleke ripoti yake, kundi langu la masikio halisomi na kosa ni langu. Akasema tutaongea Jumatatu, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaahidi wakubwa wake. Kuitwa kuwafundisha wenzangu sitaitwa, hilo nimelijua kabla hajakata simu.

Sasa nikuambie la mwisho. Jumapili nitamrudisha Tezo. Kwako anasoma, kwangu anaogopa, na mwalimu mwenye akili hawezi kuona hivyo akamweka mtoto mahali anapoogopa. Mlee, umsuke, mpe huo muthokoi. Akikuita mama, kata vitunguu viwili. Nimeandika hivyo na kalamu imetoboa karatasi. Nina wivu na wewe, Mumbua. Nina wivu na mikono yako, na mchanga wako, na huo ukuta wa mashine ya kusaga uliomwona akicheka kabla yangu.

Ngoja kidogo.

Ni alasiri, niko mezani uani. Kadzo amekuja na kikombe cha maji, amesimama nyuma ya bega langu. Nilidhani anatazama kuku. Nimesikia, "Ni, na. Wi, vu." Kidole chake kimekuja kwenye karatasi, kimepita juu ya mstari mzima, "na we, we, Mu, mbu, a." Hakupiga makofi. Nilitaka kuifunika barua kwa kiganja, mkono ukakataa.

Ameniuliza, "Nani ana wivu?" Nimemwambia ni mimi. "Na anti?" Nimemwambia anti naye anao. Amefikiri, akasema, "Mko sawa." Kisha amevuta kigoda akakaa ubavuni mwangu, ameniambia, "Andika polepole, mama, nakufuata."

Kwa hivyo naandika polepole. Anasoma kila neno ninapolimaliza, na hili nalo amelisoma. Yale niliyoandika juu kuhusu Jumapili yapitishie kalamu. Shule zikifungwa tarehe 1 Agosti, njoo Adu na kadi zako, ukae muda wote wa likizo. Kuna watoto kumi na watatu hapa wanaokungoja na mwalimu wao atakaa dawati la nyuma kujifunza. Kula, kulala, kugombana, yote tutafanya. Ila huyu, wifi, Jumapili usimngoje. Huyu simtoi tena.

Wifi yako,
Kahaso